Njia Nne za Kukamilisha Shahada kwa Muuguzi Aliye Kazini Marekani

Muuguzi aliyesajiliwa nchini Marekani anaweza kuwa ameingia katika taaluma kwa mlango mmoja kati ya mitatu: stashahada ya shule ya hospitali, digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii, au shahada ya kwanza ya miaka minne. Wote watatu hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na wakifaulu hupewa leseni ile ile yenye mipaka ile ile ya kazi. Mlango wa chuo cha jamii ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufuatia pendekezo la Mildred Montag wa Teachers College, Columbia, ambaye alikusudia kuandaa muuguzi wa ngazi ya ufundi atakayefanya kazi pamoja na muuguzi wa shahada. Kwa ujumla leseni haikuwatenganisha wawili hao, na utata tunaouona leo ulianzia hapo: kazi ni ile ile wodini, lakini cheti kilichopo kwenye faili si kile kile.

Shinikizo la kurudi chuoni limeongezeka hatua kwa hatua. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania, ambao ulionyesha kwamba kila uwiano wa wauguzi wenye shahada ulipopanda kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ilipendekeza wauguzi wenye shahada wafikie asilimia 80 ifikapo 2020. Desemba 2017 jimbo la New York lilipata sheria inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni, huku waliokwisha kuwa na leseni wakiachwa nje ya sharti hilo. Hospitali zenye hadhi ya Magnet, yaani zilizotambuliwa rasmi kwa ubora wa uuguzi, nazo hutaka wasimamizi wa vitengo vya uuguzi wawe na shahada ya uuguzi. Takwimu za Pennsylvania zinahusu hospitali nzima na hazimpimi muuguzi mmoja mmoja. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa nimewaona wauguzi hodari wakizisoma kama hukumu juu ya miaka yao ya kazi, jambo ambalo si haki kwao.

Aliyekwisha kuamua kusoma hukutana na njia kuu nne: programu ya mtandaoni inayokwenda kwa mihula, programu ya umahiri inayokwenda kwa kasi ya mwanafunzi, programu ya darasani katika chuo kilicho karibu, na daraja linalompeleka moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili. Kila moja ina watu wanaoiapia na watu waliojuta kuichagua. Mara nyingi tofauti kati ya makundi hayo mawili hutokana na jinsi ratiba ya zamu ilivyopatana na muundo wa masomo, kuliko ubora wa chuo chenyewe.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, ambacho nakipa uzito kuliko vingine, ni mzigo wa wiki. Kwa kanuni ya kawaida ya vyuo vya Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa takribani wiki 15. Somo la krediti tatu basi ni saa 135 hivi. Likitandazwa kwa wiki 15 linachukua saa tisa kwa wiki. Likibanwa katika wiki saba au nane, kama programu nyingi za mtandaoni zifanyavyo, linachukua saa 17 hadi 19 kwa wiki. Muuguzi wa zamu tatu za saa 12 tayari ana saa 36 za kazi, kabla ya kuhesabu makabidhiano yanayochelewa, safari ya kurudi nyumbani, na usingizi wa mchana baada ya zamu ya usiku. Tangazo linaloahidi somo moja tu kwa wakati mmoja linasema kweli, ila halielezi kwamba somo hilo moja lina uzito wa mawili.

Kigezo cha pili ni gharama kamili. Karo kwa krediti ni mwanzo tu. Juu yake kuna ada za teknolojia, vitabu, uchunguzi wa rekodi za jinai na uthibitisho wa chanjo kabla ya mazoezi, pamoja na zamu za ziada ambazo hutaweza kuzichukua. Kwa upande wa msaada, sheria ya kodi ya shirikisho imemruhusu mwajiri kwa miaka mingi kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi, na hospitali nyingi zimepanga misaada yao kwa kufuata kiwango hicho. Mkataba wa msaada huo usomwe neno kwa neno, kwa sababu baadhi humdai muuguzi arudishe fedha akiondoka kabla ya muda fulani, na mingine hulipa baada ya matokeo kutoka, maana yake ni kwamba wewe ndiye utakayetanguliza karo.

Cha tatu ni krediti za zamani. Shahada ya kwanza huhitaji takribani krediti 120. Mwenye digrii ya miaka miwili huwa na 60 hadi 70, kisha vyuo vingi humpa krediti nyingine kwa mkupuo kwa kutambua leseni yake. Hata hivyo, vyuo hivyo hivyo hudai kiasi fulani, mara nyingi karibu krediti 30, kipatikane kwao wenyewe. Mwenye stashahada ya shule ya hospitali isiyofungamana na chuo kikuu yuko katika hali ngumu zaidi, kwani huenda masomo yake hayakuwahi kuandikwa kama krediti.

Cha nne ni mazoezi ya vitendo, na cha tano ni milango itakayofunguka baada ya kuhitimu.

Ithibati sikuiweka katika vigezo kwa kuwa ni sharti la kuingilia. Chuo chenyewe kiwe na ithibati ya taasisi, na programu ya uuguzi iwe na ithibati ya mojawapo ya vyombo vinavyokagua programu za uuguzi: CCNE, ACEN au NLN CNEA. Programu ya mtandaoni iwe pia imeruhusiwa kufundisha wakazi wa jimbo unaloishi. Programu ikikosa moja kati ya haya, bei yake hata ikiwa nafuu kiasi gani, usiendelee kuifikiria.

Njia ya kwanza: mtandaoni kwa mihula

Hii ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Mihadhara husomwa au kutazamwa wakati wowote, hakuna saa maalumu ya kuingia darasani, lakini wiki ina tarehe zake: mchango wa kwanza katika mjadala wa maandishi hudaiwa katikati ya wiki, majibu kwa wenzako mwishoni mwa wiki, na insha baada ya hapo. Kwa muuguzi ambaye zamu zake zinajulikana wiki nne mbele, utaratibu huu ni msaada mkubwa, kwa kuwa humvuta bila kumngoja ahamasike. Kwa yule anayeitwa kazini ghafla au anayebadilishwa kati ya mchana na usiku, tarehe zisizosogezwa huwa chanzo cha msongo. Wengi humaliza kwa mwaka mmoja hadi miwili.

Gharama hutofautiana mno. Vyuo vikuu vya umma huweza kuwa nafuu sana kwa mkazi wa jimbo husika, na baadhi hutoza bei moja kwa wanafunzi wote wa mtandaoni bila kujali makazi. Faida kubwa ya malipo kwa krediti ni kwamba unaweza kuyalinganisha na msaada wa mwajiri mwaka kwa mwaka na kujua mapema iwapo utahitaji mkopo. Ukihitaji mkopo wa shirikisho, kumbuka kwamba lazima uwe umesajiliwa angalau nusu ya mzigo kamili, hivyo kupunguza masomo hadi moja dogo kwa muhula kunaweza kukuondolea mkopo huo.

Krediti za zamani hupokelewa vizuri, hasa pale chuo cha jamii na chuo kikuu vina makubaliano ya maandishi ya kuhamisha masomo. Mazoezi ya vitendo yapo. CCNE huyadai hata kwa wauguzi wenye leseni, na kwa kawaida huwa mradi wa afya ya jamii au wa uongozi, ambao mwanafunzi hutafuta mahali pa kuufanyia karibu na kwake, nje ya majukumu yake ya kila siku. Wanafunzi wengi hushangazwa na jambo hili katikati ya masomo, ilhali lingeulizwa siku ya kwanza. Baada ya kuhitimu, hati yako ya matokeo huwa na alama za herufi na wastani wake, na wastani huo husomeka bila maelezo popote utakapoomba uzamili.

Njia ya pili: umahiri kwa kasi yako

Hapa mwanafunzi husonga mbele anapothibitisha kwamba ameumudu ujuzi, kwa mtihani au kazi ya maandishi, bila kungoja muhula uishe. Western Governors University, kilichoanzishwa 1997 kwa juhudi za magavana wa majimbo ya Magharibi, ndicho kinachojulikana zaidi, na Chuo Kikuu cha Capella kina mpango wa aina hiyo unaoitwa FlexPath. Malipo huwa ya kipindi na hayahesabiwi kwa krediti. Western Governors hutoza kiwango kimoja kwa kila miezi sita, na ndani ya miezi hiyo unaweza kukamilisha masomo mengi kadiri uwezavyo.

Muundo huo hugeuza kabisa hesabu ya saa 135. Muuguzi aliyefanya kazi ya uongozi wa zamu kwa miaka minane huenda akakamilisha somo la uongozi kwa siku chache, kwa sababu anayajua anayoulizwa. Na somo la utafiti likamchukua miezi miwili, kwa sababu hajawahi kusoma jedwali la takwimu tangu aanze kazi. Hakuna anayemwadhibu kwa tofauti hiyo. Wiki mbaya wodini haiharibu alama. Lakini pia hakuna anayempigia mlango. Kuna mshauri anayezungumza naye mara kwa mara, na zaidi ya hapo kalenda ni yake. Mwanafunzi anayesuasua hulipa miezi sita mingine, na njia iliyoonekana rahisi kuliko zote huishia kuwa ghali. Nimeona wauguzi wenye nidhamu ya kupigiwa mfano wodini wakikwama hapa, kwa kuwa wodini nidhamu yao ilikuwa na kengele ya mgonjwa, saa ya dawa na mwenzao wa zamu. Chumbani peke yao hakukuwa na yeyote.

Krediti za zamani hupokelewa kwa upana, na kwa mwenye digrii ya miaka miwili kwa kawaida hubaki masomo ya ngazi ya juu ya uuguzi na machache ya jumla. Mazoezi ya vitendo hayaondolewi na neno “umahiri”. Saa za afya ya jamii bado zitafanywa na kuthibitishwa.

Upande wa milango ndiko tahadhari inakohitajika. Western Governors hakitoi alama za herufi: mwanafunzi hufaulu somo au hafaulu, na kufaulu huhesabiwa sawa na wastani wa 3.0 katika kipimo cha 4.0. Kwa kupandishwa cheo hospitalini hilo halina athari. Kwa anayetamani programu zenye ushindani mkali, kama uuguzi wa nusukaputi, wastani usioweza kupanda juu ya hapo unaweza kumweka nyuma ya waombaji wengine, hivyo apige simu kwenye programu anayoilenga kabla ya kujisajili.

Njia ya tatu: darasani, karibu na nyumbani

Njia hii ina sura tatu. Kuna chuo kikuu chenye vipindi vya ana kwa ana siku moja kwa wiki. Kuna vyuo vya jamii vilivyoruhusiwa kutoa shahada ya uuguzi, kama ilivyo katika majimbo ya Florida na Washington. Na kuna hospitali zinazomwalika mhadhiri afundishe kundi la wafanyakazi wake hapo hapo kazini. Mzigo wa wiki hutandazwa zaidi, mara nyingi kwa muhula kamili, ila siku ya darasa haihamishiki. Msimamizi wa kitengo lazima akubali kwa maandishi kwamba siku hiyo hutapangiwa zamu, maana ahadi ya mdomo huvunjika pindi watu wawili wanapougua kwa wakati mmoja.

Gharama katika chuo cha jamii huwa miongoni mwa za chini kabisa, na kundi la hospitali huja mara nyingi na punguzo la karo. Krediti ulizozipata katika chuo hicho hicho cha jamii huhamia bila mabishano. Mazoezi hupangwa na chuo, kwa hiyo hubebi mzigo wa kutafuta mahali. Milango ni sawa na ile ya njia ya kwanza, pamoja na jambo moja ambalo mtandao huleta kwa shida, nalo ni wahadhiri wanaokujua kwa sura na wanaoweza kuandika barua ya mapendekezo yenye maelezo ya kweli. Kwa muuguzi aliyeondoka chuoni miaka 15 iliyopita na anayeogopa kuandika insha ya kitaaluma, kukaa chumbani na watu wanaoogopa jambo lile lile kuna thamani isiyoonekana kwenye jedwali lolote la bei.

Njia ya nne: daraja la kwenda uzamili

Programu hii humchukua muuguzi asiye na shahada ya kwanza, humpitisha katika masomo ya kuunganisha, kisha humwingiza katika uzamili. Kwa anayejua kwamba anataka kufundisha, kuongoza idara, au kuwa muuguzi mtaalamu anayegundua maradhi na kuandika dawa, daraja huokoa masomo kadhaa ambayo yangejirudia. Huchukua miaka miwili hadi minne kwa aliye kazini. Mzigo wa wiki huongezeka sana katika sehemu ya pili, hasa kwa wauguzi wataalamu, ambao hutakiwa kufanya mamia ya saa za kliniki chini ya mwelekezi. Saa hizo hazifanywi ndani ya zamu ya kawaida, kwa hiyo wengi hulazimika kupunguza kazi.

Gharama ni kubwa zaidi, na kanuni za mikopo zimebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliondoa mikopo ya Grad PLUS, ile ya shirikisho iliyowawezesha wanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama yote, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na ikaweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka kwa mikopo ya kawaida ya uzamili. Aliyekuwa akitegemea kukopa gharama yote apige hesabu upya. Baada ya kuhitimu, programu ya shirikisho ya Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayekubaliwa na kufanya kazi miaka miwili katika kituo chenye uhaba mkubwa wa wauguzi.

Swali la kuuliza kabla ya mengine yote ni kama shahada ya kwanza hutolewa katikati ya safari. Baadhi ya programu huitoa, nyingine hazitoi. Asiyeipata, akisimama baada ya miaka miwili kwa ugonjwa au kwa kulea, huweza kuondoka na krediti nyingi bila cheti chochote kipya. Pia, kwa wenye ndoto ya uuguzi wa nusukaputi, daraja hili halifiki huko, kwani tangu 2022 wanafunzi wapya wa fani hiyo huingia katika programu za udaktari.

Uamuzi kwa kadiri ya hali yako

Ikiwa mwajiri amekupa tarehe ya mwisho, au sheria ya New York inakuhesabia miaka, na unataka kubaki katika kazi ya wodini, pima njia ya kwanza na ya pili kwa swali moja: katika miezi sita iliyopita, ni jambo gani ulilojipangia mwenyewe na ukalimaliza bila kusukumwa? Ukilipata kwa urahisi, malipo ya kipindi yatakufaa. Usipolipata, chagua tarehe za kudumu.

Mwenye watoto wadogo na zamu za usiku hufaidika na muhula mrefu wa somo moja zaidi kuliko wiki nane zilizobanwa, hata kama safari itarefuka kwa mwaka mzima. Chuo cha jamii kinachotoa shahada, kikiwa karibu, kiwe cha kwanza kuulizwa.

Mwenye stashahada ya hospitali aombe tathmini ya krediti kutoka vyuo vitatu kabla ya kulipa ada yoyote isiyorudishwa, kwa sababu tofauti ya krediti 20 kati ya chuo na chuo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Aliyesomea uuguzi nje ya Marekani afanye hivyo hivyo, akiwa na tathmini ya vyeti iliyochambua somo kwa somo; tathmini ya jumla haitoshi kwa kazi hii.

Anayelenga uzamili wenye ushindani alinde wastani wake na achague programu yenye alama za herufi. Anayelenga kufundisha au kuongoza, na ambaye nyumbani na kazini hali imetulia kwa angalau miaka mitatu ijayo, aifikirie njia ya nne kwa uzito, mradi shahada ya kwanza itolewe njiani.

Na yule ambaye bado hajui aelekee wapi ajisajili somo moja la takwimu katika chuo cha jamii chenye ithibati muhula huu. Programu nyingi katika njia zote nne hulidai, krediti zake huhamishika kwa urahisi, na baada ya wiki 15 atakuwa amejua kutokana na ratiba yake mwenyewe ni saa ngapi za kusoma anazoweza kuzipata katika wiki.